Kugeuza Friji Kuukuu Kuwa Kabati la Kukaushia Soseji

Soseji ya kwanza niliyokausha nyumbani ilipendeza macho. Ganda gumu, rangi ya kahawia iliyokolea, ukiigonga mezani inalia kama kijiti. Nilipoikata nikaona mambo: pembeni duara jeusi lenye ugumu wa mpira wa tairi, katikati nyama laini inayonata kwenye kisu na yenye harufu ya kukunjisha uso. Ilikuwa imening'inia wiki tatu na nusu ndani ya friji ya jikoni. Friji haikukosea. Ilikausha ganda haraka mno hadi maji ya ndani yakakosa pa kutokea, yakabaki humo yakiharibika pamoja na nyama.

Hapa nitaeleza namna ya kujenga kabati lisilokufanyia hivyo, kwa kutumia friji kuukuu, vidhibiti viwili na feni ndogo. Kazi ya mikono ni ya siku moja tu. Kinachokula muda ni kulijua kabati lako kabla hujalikabidhi kilo nane za nyama, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

Kabati linafanya nini

Soseji kavu haipikwi. Nyama hutiwa chumvi, huchachushwa siku mbili tatu, kisha huning'inizwa hadi ipoteze thuluthi moja hivi ya uzito wake. Muda wote huo inataka joto la nyuzi 10 hadi 15 za Selsiasi, unyevu hewani wa asilimia 70 hadi 80, na hewa inayotembea polepole. Mimi naweka nyuzi 13 na asilimia 75.

Chini ya hapo, tuseme nyuzi 4 za friji ya chakula, bakteria wanaotengeneza ladha hulala na ukaukaji wa ndani huenda kwa kusuasua. Juu ya nyuzi 16, mafuta yanaanza kulainika na vijidudu usivyovitaka vinachangamka. Unyevu ukishuka chini ya asilimia 65 unapata lile ganda la tairi. Ukikaa juu ya 85 unapata ute na ukungu wa kila rangi. Hewa nayo isipotembea kabisa, soseji zilizobanana hulowana pale zinapokaribiana. Ongeza giza, kwa sababu mwanga huyaharibu mafuta. Friji yenye mlango wa kioo inapendeza, lakini itabidi uifunike.

Hesabu ndogo inayofumbua macho

Hewa ya nyuzi 13, hata ikijaa unyevu kabisa, hubeba gramu 11 tu za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Friji ya lita 150 kwa hiyo inabeba chini ya gramu 2 za maji hewani, yaani hata nusu ya kijiko cha chai haifiki. Sasa chukua kilo 8 za soseji mbichi. Siku za mwanzo zinapoteza asilimia 1 hadi 2 ya uzito kwa siku, kwa hiyo unatoa gramu 80 hadi 160 za maji kila siku ndani ya kisanduku kinachoweza kubeba gramu 2.

Ukiielewa hesabu hiyo, mengine yote yanafuata. Wiki ya kwanza shida yako ni maji mengi, na wiki ya nne shida yako ni maji machache. Kabati linalojua kuongeza unyevu peke yake litakuangusha mwanzoni, pale nyama ilipo hatarini zaidi.

Kuna wanaoshauri ufungue mlango ili unyevu upungue. Inategemea hewa ya nje. Hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 60 ina karibu gramu 14 za maji kwa mita ya ujazo, zaidi ya uwezo wote wa hewa ya kabati lako. Ukifungua mlango hapo unaingiza maji. Lakini nyumba ikiwa na nyuzi 18 na asilimia 40, hewa yake ina gramu 6 tu, na hapo kufungua kunakausha kweli.

Kuchagua friji

Tafuta friji iliyosimama, isiyo na sehemu ya kugandishia ndani yake, ya lita 120 hadi 250. Urefu una maana kuliko upana, kwa kuwa soseji zinaning'inia. Kuna friji za aina mbili. Moja hujenga barafu kwenye ukuta wa nyuma na kuiyeyusha yenyewe au kwa mkono wako. Nyingine ina feni ya ndani na haijengi barafu. Ya kwanza hutunza unyevu, ya pili huukausha upesi. Mafundi wengi watakuambia chukua ya kwanza. Mimi nachukua ya pili, kwa sababu kuongeza unyevu ni rahisi na kuuondoa ni kazi. Na kwa nyuzi 13 kompresa haiwaki mara nyingi, kwa hiyo ukali wake unapungua.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni kitufe cha joto. Friji yenye kitufe cha kuzungusha huwaka mara tu umeme unaporudi. Zile zenye vibonye vya kielektroniki nyingine hubaki zimezima hadi mtu abonyeze, na kwa kuwa kidhibiti chako kitakuwa kinakata na kurudisha umeme siku nzima, friji ya namna hiyo haikufai. Ijaribu kabla ya kununua: chomoa plagi, subiri dakika tano, chomeka tena.

Isafishe kwa maji ya uvuguvugu na magadi ya kuokea, halafu upanguse na dawa ya klorini iliyozimuliwa, kisha uiache wazi siku mbili. Ikibaki na harufu baada ya hapo, iache. Mafuta ya soseji hunasa harufu kama kitambaa kinasavyo moshi.

Vitu vya kuwa navyo

Kidhibiti cha joto chenye soketi mbili, ya kupoza na ya kupasha. Kidhibiti cha unyevu chenye soketi mbili, ya kuongeza na ya kupunguza. Kifaa kidogo cha kutoa ukungu wa maji baridi, aina inayotumia mtetemo na si ile inayochemsha. Feni ya kompyuta ya milimita 80 au 120, ya volti 12, pamoja na saa ya kuiwasha na kuizima. Kipasha joto cha seramiki cha wati 40 hadi 60 kisichotoa mwanga. Fito za chuma kisichoshika kutu, au za mbao ngumu. Trei ya kukinga matone. Vipima unyevu viwili vya bei nafuu ambavyo havitegemei kidhibiti, mizani inayosoma gramu moja moja, na daftari.

Sikutaja mashine ndogo ya kunyonya unyevu. Zile ndogo zinazoingia ndani ya friji hufanya kazi dhaifu sana kwenye baridi ya nyuzi 13. Nilikuwa nayo moja. Kwa wiki nzima ilikusanya maji yasiyojaza kikombe cha kahawa.

Hatua ya kwanza: kagua vipima unyevu

Usianze kufunga chochote kabla ya hili. Kipima unyevu kipya kinaweza kukudanganya kwa asilimia 5 au 8, na kwa soseji hiyo ni tofauti ya mavuno na jalala.

Chukua kifuniko cha chupa ya soda, kijaze chumvi ya mezani, dondoshea maji kidogo kidogo hadi chumvi iwe kama mchanga mbichi wa ufukweni: imelowa, inang'aa kidogo, lakini haielei. Kiweke pamoja na kipima unyevu ndani ya mfuko wa plastiki unaofungika bila kupitisha hewa, visigusane. Uache mahali pasipobadilika joto kwa saa 12, usiku kucha inatosha. Hewa juu ya chumvi iliyolowa hutulia kwenye asilimia 75, iwe chumba ni cha baridi au cha joto. Kipima kikisoma 70, kimepungua 5. Andika "+5" kwa kalamu ya wino mgongoni. Vihisi vya kidhibiti navyo viingie mfukoni humohumo, na marekebisho uyaweke kwenye kidhibiti chenyewe. Rudia kila unapoanza mkupuo mpya wa soseji.

Na ni bahati iliyoje kwamba namba hiyo ndiyo hasa tunayoitaka kabatini. Kwa sababu hiyo trei pana ya chumvi iliyolowa, ikikaa chini ya friji, husaidia kutuliza unyevu: hunyonya ukizidi, hutoa ukipungua. Peke yake haitoshi, ila ni msaidizi asiyekula umeme.

Hatua ya pili: kufunga

Usitoboe kuta za pembeni wala ya nyuma. Mabomba ya gesi ya kupozea hupita humo, na friji nyingi za siku hizi hutumia gesi ya isobutani inayowaka moto. Ukitoboa bomba umepoteza friji, na huenda zaidi. Waya zangu zinapita kwenye kona ya chini ya mpira wa mlango, upande wa bawaba, ambako mpira hufinyika kidogo na kufunga vizuri. Kama ni lazima utoboe, toboa mlango wenyewe, maana mabomba hayapiti huko.

Soketi zote na vidhibiti vikae nje ya friji, juu ya usawa wa sakafu. Kila waya uliotoka ndani uachie upinde ushuke chini kabla ya kupanda kwenye soketi, ili tone la maji likifuata waya lidondoke kwenye upinde na lisiingie kwenye umeme. Chomeka vyote kwenye njia yenye swichi ya usalama inayokata umeme ukivuja. Maji na umeme vimekaa chumba kimoja hapa, usibahatishe.

Kitufe cha ndani ya friji kizungushe hadi baridi kali kabisa, kisiingilie tena. Friji ichomekwe kwenye soketi ya kupoza ya kidhibiti cha joto. Weka nyuzi 13, tofauti ya nyuzi 1 (kiasi joto linachoruhusiwa kuachana na 13 kabla kidhibiti hakijawasha), na ucheleweshaji wa kompresa wa dakika 5, la sivyo kompresa itawaka na kuzima kama swichi mkononi mwa mtoto, na itakufa mapema.

Kwenye kidhibiti cha unyevu, mashine ya ukungu ikae soketi ya kuongeza. Kwenye soketi ya kupunguza chomeka kipasha joto. Najua inashangaza. Unyevu ukizidi, kipasha joto huwaka, kabati hupata joto kidogo, kidhibiti cha joto huiamsha kompresa, na bamba la baridi la friji hukamata maji ya hewani na kuyashusha kwenye tundu la nyuma la kutolea maji. Friji yenyewe ndiyo mashine ya kukausha, wewe umeipa tu sababu ya kufanya kazi. Hakikisha tundu hilo halijaziba, na kipasha joto kisielekee plastiki wala kukaa chini ya soseji zinazodondosha mafuta.

Weka asilimia 75 na tofauti ya 4 au 5. Mtu anayeweka tofauti ya 1 anapata vita: ukungu unaingia, kipasha joto kinawaka, ukungu unaingia tena, usiku kucha. Unyevu utashuka hadi sitini na kitu kila kompresa inapowaka kisha utarudi wenyewe. Hilo ni la kawaida; angalia wastani wa saa nzima. Mashine ya ukungu ijazwe maji yaliyokenekwa, kwani maji ya bomba yana chumvichumvi zinazorushwa hewani na kutua juu ya nyama kama vumbi jeupe, ukadhani ni kuvu, yaani ule ukungu unaoota.

Feni ifungwe chini, ielekee ukutani na si kwenye soseji. Iwake dakika 5 kila saa. Kipimo changu ni kipande cha karatasi laini ya chooni kilichoning'inizwa kwenye ufito: kitikisike polepole. Kikipeperuka, feni ina nguvu kupita kiasi. Vihisi vikae katikati, usawa wa soseji, visiguse ukuta.

Hatua ya tatu: jaribu kwa mataulo

Kabati tupu ni kabati la uongo. La kwangu nililirekebisha wiki nzima likiwa tupu, likasimama kwenye 75 kama limepigiliwa msumari. Nikaning'iniza kilo 7, na asubuhi kipima kikasoma 93. Siku ya nne ukungu wa kijani ulikuwa umeshazunguka kila ncha.

Lowesha mataulo mawili au matatu, yakamue yasidondoshe, yapime uzito, yaning'inize kwenye fito. Funga mlango kwa siku mbili na uandike joto na unyevu mara nne kwa siku. Ukiona unyevu unapanda juu ya 85 na haushuki, kipasha joto hakitoshi au tundu limeziba. Yapime tena mataulo: yakiwa yamepoteza gramu 100 hadi 200 kwa siku na unyevu umebaki ndani ya 70 na 80, kabati lako liko tayari.

Nyama: mahali ambapo kabati haliwezi kukuokoa

Kabati halifanyi nyama iwe salama, linakausha tu. Usalama unaanzia mezani. Sumu ya botulismi ilipewa jina kutokana na neno la Kilatini la soseji, na daktari wa Kijerumani Justinus Kerner aliandika juu ya watu waliouawa na soseji katika miaka ya 1820. Bakteria wake hupenda mahali pasipo na hewa, kama katikati ya soseji. Hapo ndipo inapohitajika nitriti, chumvi inayowazuia bakteria hao.

Chumvi yote iwe asilimia 2.5 hadi 3 ya uzito wa nyama na mafuta. Ndani yake kuwe na chumvi ya kuhifadhia yenye nitriti na nitrati. Ile yenye asilimia 6.25 ya nitriti na 4 ya nitrati hutumika gramu 2.5 kwa kilo. Zipo nyingine zenye nitriti chini ya asilimia 1, na kipimo chake ni tofauti kabisa, kwa hiyo soma kifurushi. Pima kwa mizani ya sehemu za gramu. Usikadirie kwa kijiko hata siku moja, maana nitriti ikizidi nayo ni sumu. Mara nyingi hutiwa rangi ya waridi ili isichanganywe na ya mezani, lakini chumvi ya mawe ya rangi hiyohiyo ni chumvi tu na haina nitriti.

Nyama ya nguruwe ina hatari ya minyoo ya trikinela. Vipande visivyozidi unene wa sentimita 15 vigandishwe kwa nyuzi 15 chini ya sifuri kwa siku 20. Nyama ya porini iache, kwani baadhi ya aina za minyoo hiyo hustahimili baridi.

Tia bakteria wa kuchachusha kwa kipimo cha kifurushi, na sukari ya glukosi gramu 3 kwa kilo ili wapate chakula. Ukishajaza nyama kwenye utumbo na kuzining'iniza soseji, kabati liweke nyuzi 20 hadi 24 na unyevu wa 85 hadi 90 kwa siku mbili au tatu. Plagi ya kipasha joto uihamishie soketi ya kupasha. Pima asidi kwa kipimo cha pH kwenye donge la nyama uliloliweka kando kwenye kikombe, kabatini humohumo. Ikifika 5.3 au chini, rudisha kila kitu kwenye nyuzi 13. Siku tatu zikipita na haijafika, mkupuo huo ni wa kutupa. Hapo usiwe na huruma.

Kuning'iniza na kungoja

Kila soseji ipime, kisha zidisha uzito kwa 0.65. Soseji ya gramu 640 itakuwa tayari ikifika gramu 416. Andika namba zote mbili kwenye kikaratasi na ukifunge shingoni mwa soseji. Acha sentimita 5 kati ya soseji na soseji, na zisiguse ukuta.

Siku tano za mwanzo mimi huweka unyevu 80, kisha 75. Pima kila baada ya siku tatu. Ikipoteza zaidi ya asilimia 2 kwa siku baada ya siku mbili za mwanzo, inakauka kwa pupa: punguza feni, ongeza unyevu. Bonyeza kwa vidole kuanzia nje kwenda ndani. Ganda gumu juu ya kiini laini kama shavu ni dalili ya mapema. Ukiiwahi, ifungie kwenye mfuko usio na hewa ndani ya friji ya chakula wiki moja hadi mbili. Maji ya katikati hutambaa kuelekea nje na ganda hulainika, kisha unairudisha kabatini.

Utumbo wa milimita 32 hukauka kwa wiki tatu hadi nne. Wa milimita 60 unaweza kuchukua wiki sita hadi kumi. Kalenda ikikuambia tayari na mizani ikakataa, sikiliza mizani.

Ukungu mweupe, mkavu, kama unga uliopepetwa, ni rafiki. Unaweza hata kuupanda kwa kunyunyiza mbegu za *Penicillium nalgiovense* siku ya kwanza, ukamiliki nafasi kabla ya wengine. Madoa ya kijani yafute kwa kitambaa chenye siki na ushushe unyevu kidogo. Ukungu mweusi, au manyoya marefu yanayorudi kila ukifuta, tupa. Ute unaoambatana na harufu ya uvundo, tupa bila kuonja. Harufu ya amonia wiki za mwisho, ikiwa nyepesi, mara nyingi hutokana na hewa iliyotuama. Fungua mlango dakika moja kila siku na itaisha.

Soseji zikitoka, usizime friji na kuufunga mlango. Toa fito na trei, osha kwa maji ya moto na sabuni, panguse kuta kwa siki, mwaga maji yote ya mashine ya ukungu, kisha uegeshe mlango kwa kitambaa kilichokunjwa hadi mkupuo ujao.